Maji Yaliyopata Moto Tu

Nikisema nilikuwa mpishi wa kambi, watu hudhani nilikuwa jeshini. Mjukuu wangu mmoja aliwaambia wenzake shuleni ati kuka yake, maana ndivyo tunavyomwita babu kwetu, aliwapikia askari wa vita vya Wazungu. Nilipomwambia si hivyo, alinuna siku nzima. Kambi yangu haikuwa na bunduki hata moja. Ilikuwa na watoto arobaini na wawili, ghala mbili za mahindi zilizofagiliwa vizuri, na mwalimu mmoja aliyependa kubishiwa.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaochukua kazi ya kukaa na watoto wa watu wakati wa likizo, na zaidi kwa ajili yako wewe uliyepewa mwiko ukaambiwa jiko ni lako. Kupika sitakufundisha. Kupika utajifunza kwa kuunguza, kama sisi sote. Nataka kukueleza jambo moja lililonipata jikoni, na nitazunguka kidogo kabla ya kulifikia, kwa sababu ni jambo ambalo hata leo silifikii kwa haraka.

Miaka ya hamsini ikianza, shule zikifungwa mwezi wa Agosti, lori lilikuwa likipakia watoto Kanduyi, likipita Matulo kuchukua wengine, halafu linapanda nao hadi shamba moja upande wa Kitale, ukishavuka mto Kamukuywa. Ghala za shamba lile Agosti huwa tupu, kwa sababu mahindi bado yako shambani yanabeba. Mwalimu Barasa alimwomba mwenye shamba amwazime ghala hizo kwa wiki tatu, akakubaliwa. Hadi leo nikisikia harufu ya magunia makavu na vumbi la mahindi, naona mistari ya mikeka, na viatu vichache vimepangwa mlangoni, maana wengi hawakuwa na viatu.

Kambi ile haikuwa ya misheni yoyote. Wazee wa makanisa hawakuipenda kwa sababu hiyo. Watoto walitoka madhehebu mbalimbali, na Mwalimu hakutaka mmoja ahubiriwe na mhubiri wa dhehebu la mwenzake. Aliyetaka kusali alisali, na Jumapili aliyetaka kwenda kanisani alikwenda. Siku nyingine zote kazi ilikuwa kuuliza. Kila asubuhi, watoto wakiwa na uji mkononi, Mwalimu alisimama akasema mambo matatu, na moja kati ya hayo lilikuwa uongo. Kisha aliwaacha mpaka jioni walitafute. Siku moja alisema sufuria ikifunikwa inachelewa kuchemka. Nusu ya kambi ilinivamia jikoni na sufuria mbili zinazolingana, na chakula cha mchana kikaliwa saa tisa.

"Mwalimu," nilimlalamikia, "nipe siku moja ambayo uongo wako hauhitaji moto."

Alicheka, akaahidi. Kesho yake akaleta uongo kuhusu vitunguu.

Mimi nilikuwa mtu wa kuamini. Nilizaliwa Matulo, nikaenda Kitale nikiwa kijana, nikaingia jikoni kwa setla mmoja, Mzungu mwenye shamba, chini ya mpishi mkuu aliyeitwa Mzee Simiyu. Mzee Simiyu alijua kazi yake, na alinifundisha mengi ambayo bado nayatumia: kuloweka maharagwe tangu jioni, kutoyatia chumvi kabla hayajaiva, na kupanga kuni za kesho kando ya moto wa leo ili zikauke. Lakini pia alinifundisha kwamba ugali husongwa kuelekea mkono wa kulia. Ukiusonga kuelekea kushoto, alisema, tumbo la mlaji litajisokota. Nilisonga kulia miaka kumi na miwili bila kuuliza.

Aliyenivunja katika jambo hilo alikuwa msichana wa Myanga, jina lake Nekesa, wa miaka kama kumi na mmoja hivi. Alikuwa mwembamba, na alikuwa na tabia ya kukusikiliza mpaka mwisho ndipo anakuuliza swali, na swali lenyewe linakuwa fupi. Alisimama karibu na jiko akaniangalia nikisonga.

"Mpishi, mbona unaenda upande mmoja tu?"

Nikamweleza habari za tumbo.

"Uliwahi kumwona mtu aliyesokotwa?"

Sikuwahi. Kesho yake walisonga ugali wa aina mbili, wakanifunga kitambaa machoni, wakanilisha. Nilisema kwa uhakika kabisa kwamba wa pili ndio wa kushoto, na kwamba tayari tumbo langu linalalamika. Ulikuwa wa kulia. Watoto walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mimi nilitoka nje nikiwa nimekasirika, na Mwalimu akanifuata.

"Wafula, umepoteza nini pale?"

"Heshima yangu, Mwalimu."

"Wale watoto wamekula ugali wako wiki nzima na wataula tena leo. Heshima yako iko pale pale. Ulichopoteza ni kitu ambacho hakikuwa kweli."

Nilirudi jikoni nikiwa bado nimenuna. Lakini tangu siku ile nilianza kuwapenda wale watoto kwa namna nyingine, na nikawa nawangojea Agosti kama mtu anavyongojea wageni wake mwenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo langu.

Ilikuwa mwaka wa pili wa kambi. Maji tulichota kwenye kijito chini ya shamba, na ng'ombe nao walikunywa humo humo. Sheria ya Mwalimu ilikuwa moja: maji ya kunywa yachemke sawasawa, yapoe, ndipo yaingie kwenye pipa lililokuwa chini ya paa la ghala. Na nyinyi mnaopika, shikeni hili. Maji yakianza kuimba hayajachemka. Yatanyamaza kwanza, kisha yataanza kuruka juu yote kwa pamoja, na hapo yaache yaruke kwa muda. Mkono wako haupimi, wala mvuke haupimi.

Nilijua hayo yote. Lakini wiki ile ilinyesha siku tatu mfululizo, na kuni nilizokuwa nazo zilikuwa zimelowa, kwa sababu mimi mwenyewe niliziacha nje nikapiga soga na dereva wa lori. Kuni chache kavu nilizobaki nazo nilizitumia kwa ugali na maharagwe. Maji niliyapa moto kidogo tu. Yalitoa mvuke, nikayatia kidole, nikaona ni moto, nikayamimina kwenye pipa. Siku ya kwanza nilijiambia ni leo tu. Siku ya pili sikujiambia kitu.

Jumatatu asubuhi watoto tisa hawakuamka kwa uji. Kufikia mchana walikuwa kumi na wanne, wakienda chooni na kurudi, wakienda na kurudi, mpaka wadogo wakashindwa kurudi. Mdogo wa wote, kijana wa Matulo aliyeitwa Wekesa, macho yake yaliingia ndani, na ulimi ukawa mkavu. Mwalimu alimfunga blanketi, akampakia kwenye lori kumpeleka hospitali Kitale. Nilimshika yule mtoto miguu tulipokuwa tunampandisha. Ilikuwa baridi.

Dresa, yule mganga msaidizi wa zahanati, alikuja akatoa dawa, akauliza wamekula nini. Kabla mtu mwingine hajafungua mdomo, nikasema, "Ni maziwa."

Maziwa yetu yaliletwa na mama mmoja mjane, Mayi Naliaka, maana kwetu mayi ni mama, aliyekaa juu ya kilima na ng'ombe wake wanne. Kila alfajiri aliteremka na debe kichwani, lenye mfuniko unaong'aa, na watoto waliotaka walipata kikombe jioni. Alikuwa msafi kuliko mimi. Nilisema ni maziwa kwa sababu hayakutoka mkononi mwangu.

Jumanne alfajiri nilimkuta mlangoni.

"Mayi, rudi nayo," nikamwambia. "Yamewaumiza watoto."

Aliteremsha debe polepole. "Maziwa yangu?"

"Ndiyo."

"Nani amesema?"

"Dresa," nikasema. Dresa hakuwa amesema. Alikuwa ameandika tu nililomwambia.

Mayi Naliaka alifungua mfuniko, akanusa, akafunga. Akajitwika, akageuka. Njia ya kilima ilikuwa na utelezi, na nilimtazama mpaka alipofika kwenye mikaratusi, halafu nikarudi jikoni kukoka moto. Siku hiyo nilichemsha maji mpaka yakakaribia kuisha kwenye sufuria. Mtu mwenye akili angeniona angejiuliza kwa nini.

Jumatano aliwasili baba yake Nekesa, Mzee Makokha, mzee wa kanisa, amepanda baisikeli kutoka Myanga katika matope yale. Habari za ugonjwa zilikuwa zimefika hadi kwao. Nekesa mwenyewe alikuwa mmoja wa wagonjwa, ingawa siku hiyo alikuwa ameketi, shuka mabegani.

"Nimekuja kumchukua mtoto," alimwambia Mwalimu hata kabla ya kuegemeza baisikeli. "Tuliwaambia. Mmewaweka watoto mahali pasipo na sala, na sasa mnaona."

"Karibu, mzee," Mwalimu akasema. "Mtoto ni wako, sitakuzuia. Lakini watoto wanatafuta ni nini kimewaumiza, na Nekesa ndiye anayeandika. Kaa nasi mpaka saa kumi, unywe chai. Ukiona hatuna maana, mchukue."

Mzee Makokha alimwangalia binti yake. Nekesa alikuwa na daftari magotini.

"Baba, nimebakiza watoto sita tu," akasema.

Akakaa. Nilimpelekea chai, naye akanipa pole kwa uchovu wa kuuguza.

Watoto walikuwa wamefanya kazi ambayo ningewasifu kama isingekuwa inanijia mimi. Walikwenda kwa kila mmoja, mzima na mgonjwa, wakamuuliza alikula nini na alikunywa nini tangu Ijumaa. Nikiwa jikoni nilisikia yote, maana jiko lilikuwa banda lisilo na ukuta upande wa ghala.

"Maziwa," Nekesa alisema. "Mimi sinywi maziwa, hunitapisha. Na nimeugua. Wako wengine wawili kama mimi."

"Basi inaweza kuwa ninyi mmeumizwa na kitu kingine," kijana mmoja akabisha.

"Inaweza. Lakini wale watano waliokwenda kupima kilima walikunywa maziwa kila jioni, na hakuna aliyeugua."

"Wale walibeba chai ya rangi kwenye chupa," mwingine akakumbuka. "Siku zote tatu. Hawakunywa maji ya hapa."

Niliacha kukoroga.

"Basi ni pipa," kijana akasema.

"Haiwezi kuwa pipa," Nekesa akajibu. "Maji ya pipa yanachemshwa. Mpishi anayachemsha kila siku."

"Umejuaje?" Mwalimu akauliza. Alikuwa anamuuliza kila mtu swali hilo, hata akiambiwa mvua inanyesha.

Nekesa alifikiri. "Yeye ndiye aliyesema."

"Basi andika kwamba amesema. Halafu nenda kamuulize tena."

Alikuja na shuka lake mabegani na daftari mkononi. Alikuwa amedhoofika, midomo imepasuka. Aliniuliza kwa adabu sana, kama mtu anayeomba radhi.

"Mpishi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ulichemsha maji ya pipa?"

"Nilichemsha," nikasema.

"Yaliruka?"

"Yaliruka."

Akaandika. Kisha akaniambia, "Nilijua. Nimewaambia wanatafuta mahali pasipo na kitu," akarudi kwa wenzake.

Vijana wangu, nimeunguza maharagwe ya harusi. Nimetia chumvi kwenye chai ya afisa wa wilaya. Yote hayo nayasimulia nikicheka. Lakini dakika zile nilizosimama pale jikoni baada ya yule msichana kuandika uongo wangu kwa mwandiko wake mzuri, hizo sijawahi kuzisimulia mpaka leo. Nilimsikia akiwasomea wenzake: "Maji yalichemshwa, Mpishi amethibitisha." Nikasikia kijana akisema, "Basi turudi kwenye maziwa. Labda yule mama anaweka kitu." Na wa tatu akasema amesikia nyumbani kwamba wajane wanaokaa peke yao huwa na dawa. Watoto waliofundishwa wiki mbili kutoamini ovyo walikuwa wanaanza kuamini ovyo, na mimi ndiye niliyewaelekeza huko.

Nilivua aproni. Nilitembea mpaka katikati ya ghala, Mzee Makokha akiwa na kikombe chake na Mwalimu ameegemea nguzo.

"Nekesa," nikasema, "futa hilo."

"Lipi?"

"Kwamba yaliruka. Hayakuruka. Kuni zililowa, nikayapa moto kidogo tu. Siku zote tatu. Maziwa hayana kosa. Nilijua tangu Jumatatu."

Nilikuwa natazama daftari kwa sababu sikuweza kuwatazama wao. Nekesa hakufuta. Alipiga mstari mmoja juu ya maneno yale, yakabaki yanasomeka, akaandika mengine chini yake. Mwalimu ndiye aliyewafundisha hivyo, kwamba kosa lisifichwe, likae pale lionekane. Machozi yalimtoka akiandika, na sikujua kama ni ya ugonjwa au ni kwa ajili yangu.

Mwalimu alinichukua nje. Nilidhani ananifukuza, na nilikuwa tayari.

"Kwa nini hukuniambia kuni zimelowa?" akauliza.

"Niliona haya."

"Wekesa yuko Kitale kwa sababu uliona haya."

Hakuongeza sauti. Afadhali angenipiga. Kisha akasema, "Utapika mpaka kambi iishe. Sina mpishi mwingine. Baada ya hapo tutaona. Lakini kuna mtu kilimani hajasikia ulichosema."

Tuliporudi ndani, Mzee Makokha alikuwa amesimama, baisikeli ameishika. Nilidhani anaondoka na mtoto, na hakuna ambaye angemlaumu. Aliniangalia kwa muda mrefu.

"Nimekaa kwenye baraza la kanisa miaka mingi," akasema. "Tunawaita watu, tunawauliza, wanakana. Sijawahi kumwona mtu akijileta mwenyewe namna hiyo." Akamgeukia binti yake. "Utarudi na lori pamoja na wenzako. Lakini Jumapili uende kanisani."

"Nitaenda, baba."

Alipanda baisikeli yake akaondoka kabla mvua haijaanza.

Wekesa alirudi Ijumaa, amekonda, anadai andazi. Nilimpa mawili. Mimi Mwalimu aliniita tena Agosti iliyofuata, kwa barua fupi iliyosema tu nije mapema nitengeneze banda la kuni. Nilikuwa pale kila mwaka mpaka alipohamishwa na kambi ikafa, na banda lile la kuni halikuvuja hata tone. Ghala zenyewe zilishabomolewa. Nilipita huko miaka kadhaa iliyopita, ni mahindi tu mpaka kwenye kijito, na nilisimama barabarani nikijaribu kupata mahali jiko lilipokuwa. Nilikosea mara mbili. Huwezi kujua jinsi watoto arobaini wanaobishana wanavyopendeza masikioni mpaka uende mahali walipokuwa, ukute upepo.

Lakini nilikuwa sijamaliza habari ya kilima.

Nilipanda jioni ile ile ya Jumatano. Mayi Naliaka alikuwa anakamua. Hakuinuka. Nilisimama kando ya zizi nikasema yote, na yeye akaendelea kukamua mpaka nilipomaliza.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilijua, mayi."

"Tangu ulipoyarudisha?"

"Kabla ya hapo."

"Watu wa huko chini wameacha kuchukua maziwa yangu," akasema. "Wamesikia yanaua watoto. Maziwa yote nimewapa ndama wanywe."

Nikasema nitapita nyumba kwa nyumba kuwaambia. Akasema, "Pita." Nikamwomba msamaha. Hilo hakulijibu. Alimaliza ng'ombe yule, akahamia kwa mwingine, kisha akasema bila kunitazama, "Kambi ikitaka maziwa, uje uyachukue wewe. Mimi huko sishuki."

Nilipita nyumba kwa nyumba. Siku mbili zilinitosha, na hakuna nyumba niliyoiruka. Na kila alfajiri nilipanda kilima na debe langu. Hakunikaribisha kukaa. Alinimiminia, nikashukuru, nikashuka. Mwaka uliofuata hivyo hivyo, wiki tatu, kwenye umande na kwenye matope. Nilimsalimu, akaitikia, basi. Nilizoea. Nilijifunza mahali pa kukanyaga kwenye ile njia hata gizani, na nikajua majina ya ng'ombe wake wote wanne bila kuambiwa.

Agosti ya pili baada ya ule ugonjwa, kambi ikiwa na siku ya tano au ya sita, nilichelewa kidogo kwa sababu ya uji. Nilichukua debe nikatoka mbio. Nilipofika kwenye mikaratusi nilimkuta anashuka, debe kichwani, mkono mmoja umeshika fimbo kwa ajili ya utelezi. Nikasimama kando ya njia kumpisha, lakini hakupita. Aliteremsha debe, akaliweka mikononi mwangu.

"Watoto wanangoja," akasema. "Twende."